Mmea Walioukataa Mbuzi

Mimi ni muuza miche, na sipendi mimea inayodeka. Waridi ukilinyima maji siku mbili linanuna, ukilizidishia linaoza mizizi, na mwenye nalo anakuja kunililia kana kwamba mimi ndiye niliyelizaa. Kwa hiyo nilipochoka na vilio vya watu niliachana na maua, nikashika mimea ya kivulini tu: ile ya kukaa chini ya miti, nyuma ya nyumba, kwenye pembe ambazo jua linachungulia na kuondoka. Ukishaipanda, unaisahau. Wateja wakanipa jina la Mama Vivuli, nami nikalipokea kwa mikono miwili.

Nina namna yangu ya kupima mmea mpya. Ukinifikia, siuuzi mara moja. Natoa miche mitatu, naipanga nje ya uzio pale wanapopita mbuzi wa jirani, na naiacha siku tatu bila tone la maji. Mbuzi wakiila, habari imekwisha. Wakiinusa wakaiacha, na konokono nao wakaipita, na siku ya tatu bado imesimama wima, basi naihamishia safu ya mbele na kuichomekea kibao nilichoandika kwa mkono wangu: HAINA SHIDA. Jirani anasema mbuzi wake nimewaajiri bila barua.

Katika yote niliyowahi kupima, hakuna uliofaulu kama madoadoa. Ni mmea wa majani mapana, ya kijani, yenye madoa meupe kama mtu kayakung'utia brashi ya chokaa. Beberu mkubwa wa jirani aliusogelea, akakunja pua, akapiga chafya, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wiki ile ile nikakata pingili thelathini na kuziotesha.

Sasa, nina wifi. Ni mke wa marehemu kaka yangu, na ana shule ya chekechea aliyoijenga chumba kimoja kimoja tangu kaka alipofariki, na mwalimu mkuu ni yeye mwenyewe. Mimi na yeye hatuivi chungu kimoja. Yeye ni mtu wa ratiba na filimbi, mimi ni mtu wa matope kwenye magoti, na kila akinitembelea hutafuta pa kukalia kama anayetafuta pa kutua mzigo. Lakini binti yake, mtoto wa kaka, nampenda kupita kiasi, na alipojifungua mtoto wa kike akampa jina langu. Kwa hiyo yule mtoto si mjukuu wangu tu, ni somo yangu, na hivyo ndivyo nyumba nzima inavyomwita: Somo. Ana miaka minne. Hutembea mikono nyuma kama mkaguzi.

Wifi alinijia siku moja na picha kwenye simu. Ilikuwa bustani ndogo chini ya miti, ina vijumba vya vibuyu vya kimo cha kikombe, vina milango na madirisha, eti wanaishi watu wadogo wasioonekana. Nyuma ya shule yake kuna kichaka cha miti mirefu ambacho watoto walikuwa wanakiogopa, na alitaka wakipende.

"Mzazi mmoja ameshaniuliza kama ni majini," akasema. "Nikamwambia majini gani wanaokaa kwenye kibuyu? Ni hadithi tu ya watoto."

"Na unataka nipande nini?"

"Sijui, hiyo ni kazi yako. Mimi nakwambia nisichotaka. Sitaki cha kumwagilia, sitaki cha kupalilia, na sitaki kitakachokufa shule ikifungwa."

"Wifi," nikamwambia, "hapo umefika kwa mwenyewe."

Nilifanya kazi siku mbili, na sijawahi kuifurahia kazi namna ile. Nilipasua vibuyu nikavigeuza nyumba, nikatengeneza milango kwa vijiti vya aiskrimu, nikamwaga kokoto kuwa barabara. Kwenye mawe nilibandika ukoga wa kijani, ule unaoota wenyewe penye unyevu, nikaunyunyizia maji mara moja tu, ukashika. Kandokando nikaweka makangaga mafupi yenye majani kama manyoya ya kuku. Katikati nikasimamisha kipande cha gogo kikawa meza, nikakipangia vizibo vya soda kuwa sahani. Wazo la sahani lilikuwa langu mwenyewe, na nilijiona hodari. Kuizunguka meza nikapanda madoadoa sita, maana kwa watu wa kimo cha kidole, yale majani yangekuwa miti mikubwa ya kivuli.

Somo alikuja kukagua. Akaizunguka meza mara mbili, mikono nyuma.

"Bibi, hawa watu wanakula nini?"

"Wanakula majani, mjukuu wangu," nikamjibu, nikaendelea kushindilia udongo.

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa muhula. Wiki tatu zikapita, wifi akanipigia simu kunisifu, jambo ambalo nusura niliandike ukutani. Watoto hawatoki kwenye kile kichaka, alisema. Hakuna jani lililokufa.

Basi asubuhi moja nilikuwa mezani kwangu nakata pingili za madoadoa. Alikuja fundi cherehani wa mtaa wa pili, anatafuta mmea wa kuweka barazani karibu na mashine yake, mahali pasipo na jua. Nikamwelekeza safu ya mbele. Akauinua mche wa madoadoa, akaupenda, akauliza bei, tukaelewana. Kisha akaangalia mikono yangu.

"Mbona umevaa glavu?"

"Utomvu wake unawasha," nikasema bila hata kuinua kichwa. "Ukigusa ulimi ndiyo balaa. Mzee aliyenifundisha kazi aliushika kwa meno mara moja, mikono yake ikiwa imejaa. Ulimi ukavimba, akakaa siku mbili hawezi kutamka hata jina la mkewe." Nikacheka, maana hicho kisa nimekisimulia mara nyingi na watu hucheka.

Fundi cherehani hakucheka. Aliurudisha mche pale pale alipoutoa, taratibu, akajifuta vidole kwenye kanga.

"Basi nipe mwingine, Mama Vivuli. Mimi nina mtoto anayetambaa. Kila kitu anapeleka mdomoni."

Kisu kikasimama mkononi. Niliviona vile vizibo vya soda vimepangwa kwenye gogo. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikisema wanakula majani, mjukuu wangu. Miaka yote ile nimevaa glavu kila ninapougusa mmea ule, nazivaa kama ninavyovaa viatu, bila kufikiri, na nimeupanda mezani kwa watoto kwa mikono yangu miwili. Mbuzi aliuacha si kwa sababu mmea ni mpole. Mbuzi ana akili kunishinda mimi.

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi na tano. Watoto wa shule ya wifi hutoka kwenda mapumziko saa nne kamili, kwa filimbi. Nikampigia wifi. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, huku najua kabisa kwamba saa za masomo anaifungia simu kwenye droo ya meza na ufunguo anautia kifuani. Sheria yake hiyo nilikuwa nikiicheka kila siku. Siku ile niliitukana.

"Niangalizie hapa," nikamwambia fundi cherehani, nikatoka mbio na glavu mikononi.

Pikipiki ya kwanza ilikuwa na abiria. Ya pili, dereva wake alikuwa anakunywa chai na akaniambia nisubiri amalize. Nikamwambia kuna mtoto anakufa. Nilikuwa sijui kama ni kweli. Aliacha kikombe pale pale. Njiani tulikwama nyuma ya lori linaloshusha matofali, moja moja, watu wawili wanarushiana huku wanapiga soga. Nilishuka, nikapita kando ya lori kwa miguu, nikakimbia. Nimekuwa mtu mzima, sijakimbia tangu nizae. Kifua kilikuwa kinawaka na nilikuwa nasema kwa sauti, watu wakinisikia, "Asiguse, asiguse, Mungu wangu asiguse."

Kwenye lango la shule hapakuwa na kelele, na mapumziko ya chekechea bila kelele si mapumziko. Watoto kama ishirini walikuwa wameketi barazani, kila mmoja na mikono mapajani, na mwalimu msaidizi amesimama mbele yao analia bila kujificha.

"Ni nani?" nikauliza.

"Somo," akasema. "Leo tuliwatoa mapema kidogo. Mwalimu Mkuu amempeleka hospitali sasa hivi kwa gari la mzazi, wanampitia mama yake njiani."

Nikashika nguzo ya baraza. Nikamwambia anieleze kila kitu, na aeleze upesi. Akasema walikuwa wanacheza mapishi pale kwenye vijumba. Somo alikuwa mpishi. Alichana majani akayapakua kwenye vizibo, wenzake wakagoma kula, wakasema ni majani tu. Basi mpishi akakasirika, akatia funda zima mdomoni mwake na kutafuna, awaonyeshe kwamba chakula ni kitamu. Kisha akaanza kupiga kelele. Kisha kelele zikawa hazitoki vizuri.

"Mwingine nani alikula?"

"Hakuna. Wanasema hakuna."

Sikuamini. Nilivua glavu, nikapiga magoti barazani, nikawaambia wote wafungue midomo. Nikapita mmoja mmoja, nikishika kidevu, nikitazama ulimi, nikitazama midomo. Meno ya maziwa, mabaki ya uji, pengo hapa na pale. Kila ulimi niliouona mzima nilishukuru. Wote walikuwa salama. Kati ya watoto ishirini na kitu, mmoja tu alikuwa ameniamini mimi.

Nikaenda kichakani. Juu ya gogo vizibo vilikuwa vimepangwa vizuri sana, kila kimoja na vipande vya majani vilivyochanwa kama mboga. Vyote vya kijani chenye madoa meupe. Madoadoa moja ilikuwa imebaki bua tupu. Nikakata jani zima, nikalifunga ndani ya glavu.

"Mwalimu Mkuu alikwenda na jani hili kumwonyesha daktari?" nikamuuliza mwalimu msaidizi.

Akasita. "Nilimwonyesha hayo ya madoa. Akayatazama. Halafu akaenda pale uzioni, akakata tawi la yale maua ya tarumbeta, akaondoka nalo."

Kwenye uzio wa nyuma ulikuwepo mti wa mwitu, wenye maua marefu meupe yanayoning'inia kama tarumbeta. Kila mtu anajua una sumu, nami nilishamwambia wifi aung'oe. Lakini Somo hakuufikia. Wifi alijua hakuufikia. Nilielewa palepale: hakutaka kusimama mbele ya binti yake na kusema shangazi yako ndiye aliyepanda. Kaupa mzigo mti wa mwitu, kwa sababu mti wa mwitu hauna ndugu.

Hospitali haikuwa mbali, na dereva wa pikipiki alikuwa amenifuata mpaka langoni, Mungu ambariki. Nilipita mapokezi bila kusalimia mtu. Chumba cha dharura kilikuwa mwisho wa korido, mlango wake wa bembea, na kabla sijausukuma nilisikia pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtoto, yenye filimbi ndani yake.

Somo alikuwa ameketi kitandani, mdomo wazi, ute unachuruzika mpaka kifuani. Midomo ilikuwa imevimba mpaka sura si yake. Alikuwa anajikuna ulimi kwa kucha na mama yake anamshika mikono huku anamwambia acha mwanangu, acha, acha. Wifi alikuwa amesimama ukutani. Juu ya meza ya chuma lilikuwa lile tawi, na maua yake mawili meupe. Daktari, dada mdogo wa umri kama wa binti yetu, alikuwa anavaa glavu, na muuguzi kando yake ameshika mpira mrefu mwembamba.

"Hiyo ni ya nini?" nikauliza.

"Wewe ni nani?" daktari akasema.

"Ni shangazi yangu," mama yake Somo akajibu. "Shangazi, wanamsafisha tumbo. Amekula maua ya uzioni."

"Hakula hayo." Nikafungua glavu, nikalitandaza jani mezani. "Amekula hili. Msimpitishe mpira, daktari. Hili linavimbisha. Linavimbisha ulimi na koo. Mkisugua humo ndani kwa mpira koo litafunga."

Daktari akatazama jani, akatazama tawi, akamtazama wifi. "Mama, wewe umesema ulimwona na ua mkononi."

Wifi hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yananisihi ninyamaze. "Nilimwona," akasema. "Huyu wifi yangu anajibebesha tu lawama, ndivyo alivyo. Hakuwepo."

"Wifi!"

"Hukuwepo!"

"Jamani!" Mama yake Somo alipiga kelele, na mtoto akashtuka, na ile filimbi ya pumzi ikapanda juu zaidi.

"Sikilizeni," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imebana. "Yale maua yanakwenda kwenye akili na moyo. Kama ni yale, kila dakika ninayosimama hapa naipoteza. Mdomo huu kweli haufanani nayo, lakini nina mtu anayesema ameona kwa macho. Na wewe mama unajua vipi? Wewe ni mkemia?"

"Mimi ni muuza miche."

Niliona usoni kwake kwamba halikuwa jibu la kumtosha. Muuguzi alikuwa ameshapaka mpira mafuta. Ningeweza kueleza habari ya glavu, habari ya mzee aliyenifundisha, habari ya mbuzi, na mpaka nifike katikati mpira ungekuwa umeshaingia. Nikalichukua jani, nikalikunja mara mbili, nikalitia mdomoni nikatafuna.

Nimeumwa na nyuki, nimeunguzwa na maji ya ugali, nimezaa watoto watatu. Sijui niseme nini kuhusu lile jani. Ilikuwa kama nimetafuna sindano zikiwa zimetolewa motoni. Machozi yalimwagika yenyewe. Ute ukanijaa nikashindwa kuumeza, ukanitoka pembeni mwa mdomo ukadondoka kwenye blauzi, na nilihisi ulimi ukipanda, ukipanda, kama unga uliotiwa hamira. Nikafungua mdomo wazi mbele ya daktari. Nikanyoosha kidole kwangu, nikanyoosha kwa Somo.

Alichukua tochi yake. Akanimulika, akammulika mtoto, akanimulika tena. 

"Ondoa mpira," akamwambia muuguzi. "Maji baridi, tumsukutue na tumfute mdomo wote. Dawa ya uvimbe, ya sindano, haraka. Na oksijeni iwe karibu." Kisha akanigeukia, na hasira aliyokuwa nayo sijawahi kuiona kwa daktari. "Na wewe tema! Tema yote! Una wazimu? Nina mgonjwa mmoja unaniongezea wa pili?"

Nilitema. Muuguzi mwingine akanivuta korido, akanipa bakuli la maji na kitambaa, akaniketisha kwenye benchi lililotazamana na mlango, akaniambia nikihisi pumzi inakata nipige mlango kwa ngumi. Nikahisi nafuu ya ajabu kwa kupewa kazi.

Baada ya muda wifi alitoka, akaketi kando yangu. Tumejuana miaka ishirini na minane na sijawahi kumwona ameketi bila kutandika kitambaa kwanza.

"Mama yake alikuwa amesimama pale," akasema, akitazama sakafu. "Daktari akauliza kala nini, na mama yake amesimama pale. Ningesemaje? Nilidhani sumu ni sumu tu, wifi. Nilidhani dawa yake ni moja." Akashika kichwa. "Nimewaambia sasa. Nimewaambia nilidanganya."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na mengi, na mengine si mazuri. Lakini ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima kama kipande cha nyama kisicho changu. Ikatoka sauti ya ng'ombe. Wifi akachukua kile kitambaa, akakichovya kwenye maji baridi, akakikamua, akanifuta kidevu. Akarudia tena. Hakuna kati yetu aliyejua afanye nini kingine.

Tulikaa hapo mpaka mchana ukapita. Nilikuwa nasikiliza mlango. Niliijua ile pumzi kiasi kwamba ningeweza kuifuata kwa kidole mezani: kuvuta, filimbi, kutulia, kutoa. Kuna wakati filimbi ilikuwa nyembamba mno, na nikasikia miguu ikikimbia ndani, na daktari akisema inua kichwa, inua, na mama yake akiliita jina letu. Letu, langu na la mtoto. Analiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, tena na tena, na mimi nipo hapo nje nasikia naitwa na siwezi kuitika. Wifi aliukamata mkono wangu wenye udongo kwenye kucha, akaubana mpaka ukafa ganzi. Nikaweka nadhiri mia. Nikamwambia Mungu achukue ulimi wangu moja kwa moja, abaki nao, sitaudai.

Kisha filimbi ikashuka. Ikashuka tena. Ikawa pumzi nzito tu, kama ya mtoto mwenye mafua.

Daktari akatoka, amevua kofia, nywele zimelowa jasho. "Uvimbe umesimama, unaanza kurudi," akasema. "Tutakaa naye mpaka kesho, lakini koo liko wazi. Amekunywa maji." Akaniinamia, akanimulika mdomo, akaguna. "Wewe utakaa bubu siku moja mbili. Umestahili." Halafu akaniwekea mkono begani, kwa muda mfupi tu, akaenda zake.

Wifi alilia kwa kwikwi. Mimi nililia bila sauti, kwa kuwa sauti sikuwa nayo.

Jua lilikuwa limeanza kuingia koridoni kupitia dirisha la mwisho wakati mama yake Somo alipotoka. Alikuwa na ute uliokauka kwenye mikono ya gauni, na alama za kucha za mwanawe mikononi. Nilisimama. Yeye hakunikumbatia, wala hakunipiga. Wifi alitaka kusema jambo, na binti akamwonyesha kiganja.

"Mama, wewe subiri. Wewe tutaongea nyumbani."

Akanikaribia. Yule niliyembeba mgongoni, niliyemsuka nywele, niliyemficha nyumbani kwangu siku alipogombana na baba yake. Alinitazama kama mtu anayesoma karatasi ya daktari.

"Amelala," akasema. "Nimekaa pale nikawaza. Nimewaza sana, shangazi. Unawauzia watu ule mmea. Una glavu. Leo umekuja na glavu." Midomo ikamtetemeka, akaikaza. "Nataka kukuuliza jambo moja. Ulijua kwamba ule mmea unachoma hivyo? Ulipompandia mwanangu pale, ulijua?"

Mengi yalinijia kichwani. Kwamba sikufikiri. Kwamba mama yako aliniambia hataki cha kumwagilia. Kwamba kujua na kukumbuka ni vitu viwili, kwamba miaka yote hakuna aliyedhurika, kwamba nilikimbia, kwamba nilitafuna. Kama ningekuwa na ulimi, ningeyasema yote, vizuri, kwa mpango, na pengine kwa kunipenda kwake angeniamini, na sote tungekwenda nyumbani tukiwa na maneno yangu.

Sikuwa na ulimi. Nilikuwa na kichwa tu, na kichwa kinasema ndiyo au hapana.

Nikaitikia. Ndiyo.

Alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Kisha akageuka, akarudi kwa mwanawe, na mlango wa bembea ukatikisika mara mbili ukatulia.